Urbanus Magunia Mawili

Ukitaka kuona ujinga wa wanaume, usihangaike kwenda kilabuni. Nenda pale reli inapoishia, Kigoma mjini, siku behewa la mahindi linapofunguliwa mlango. Mimi nimeuza chai na maandazi pale miaka mingi, watu wananiita Mama Kudra, jina langu la ubatizo ni Dorotea. Sijaona mahali pengine watu wazima wenye ndevu zao wakishindana kujiharibu migongo huku wenzao wanawapigia makofi.

Huyu ninayemsimulia anaitwa Urbanus. Mtu wa Simbo, Muha hasa, mrefu, shingo nene, na sauti ndogo ajabu kwa mwili ule. Asubuhi akifika kwenye benchi langu alikuwa ananiamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha anakunywa chai ya rangi na maandazi bila kusema neno jingine. Mtu mpole kabisa. Hakuwahi kunitukania mteja, hakuwahi kumpiga mkewe. Upole wake ungemfaa sana kama angekuwa na akili ya kukataa jambo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Warundi walishatangulia, halafu Zaire nayo ikawaka, watu wakawa wanavuka ziwa kwa mitumbwi na maboti, wengine hawana hata sufuria. Watu wengi namna ile lazima wale, na chakula chao kilikuja kwa treni: mahindi, maharage, unga, yote kwenye magunia ya kilo hamsini. Magunia yanatolewa kwenye behewa, yanapitishwa juu ya ubao, yanapangwa kwenye malori ya kwenda makambini, Kasulu huko na Kibondo. Kazi hiyo yote ilifanywa na makuli kwa mabega yao, kutwa nzima, juani na mvuani.

Kiongozi wa makuli alikuwa Mwinshehe, mtu wa Ujiji, tumbo mbele, kofia ya mkono kichwani, mdomo haupumziki. Alikuwa habebi tena. Miaka mingi nyuma kiuno kilimshinda, na kila mtu alijua, maana akikaa kwenye benchi langu alikuwa anashuka taratibu kwa kushika meza na kuinuka taratibu kwa kushika mtu. Lakini nani angemwambia? Yeye kazi yake ilikuwa kusimama chini ya behewa na kuangalia nani mwanaume na nani si mwanaume.

Na hapo ndipo ule ujinga wao mkubwa ulipokaa. Kuli akishapanda ubao na gunia begani, marufuku kulitua mpaka afike kwenye lori. Akilitua njiani, basi "ameolewa." Mwinshehe alikuwa na kanga yake moja kuukuu, kaitundika kwenye msumari mlangoni pa behewa. Aliyetua gunia anafunikwa kanga ile kichwani, anashikwa mkono huku na huku, anatembezwa kutoka kwenye reli mpaka kwenye chai yangu, wanamwimbia bibi harusi bibi harusi, na mimi nikiwa mwanamke wa karibu eti nipige vigelegele. Nyoo! Niliwaambia tangu siku ya kwanza, vigelegele vyangu ni vya wanangu siku wakioa, siyo vya mtu mwenye maumivu. Wakacheka, wakavipiga wenyewe.

Walimfanyia hivyo Ignas. Kijana mzuri, nguvu anazo, ila siku hiyo kiuno kilimkata katikati ya ubao, akaweka gunia chini ili avute pumzi. Pumzi tu! Wakamfunika kanga, wakamtembeza, na baadaye hata watoto wa shule wakawa wanamwita Bi Ignas mtaani. Mtu mwenye akili timamu alihama mji kwa sababu ya wimbo. Alikwenda Ilagala kuvua, nikasikia huko anaendelea vizuri na mgongo wake mzima, kwa hiyo katika wote wale, aliyeolewa ndiye aliyepata.

Urbanus alikuwepo siku ile. Hakuimba. Alikaa kwangu akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Mama Kudra, mimi hawatanifanya vile." Nikadhani anasema hatavumilia dharau. Kumbe anasema hatatua gunia hata iweje.

Akaenda mbali zaidi. Akaanza kubeba mawili. Gunia moja juu ya jingine, shingoni, kichwa kimeinamishwa hadi unaona utosi tu unakuja. Kilo mia juu ya mtu! Hata punda wa watu wema habebeshwi hivyo. Mwinshehe akafurahi, akampa jina la Magunia Mawili, na wageni wakija anaonyeshwa kama mnyama wa maonyesho. "Huyu ndiye Magunia Mawili wetu." Urbanus anatabasamu. Jamani, mtu akisifiwa na watu wasiomsaidia hata kufunga kamba za viatu, anatabasamu nini?

Na usifikiri hapakuwa na njia nyingine. Akina mama wa hapa tunabeba kuni, maji, ndizi, na sisi sote tunaweka ngata, kitambaa tu cha kuviringisha, mzigo unakaa vizuri kichwani na shingo inapona. Niliwahi kumviringishia Urbanus ngata ya gunia kuukuu. Aliitazama kama nimempa sidiria. "Hii ya kina mama," akasema, akanirudishia kwa adabu zote.

Mkewe, Joanitha, alikuwa mwanamke wa Ujiji, wazazi wake asili yao Kongo, mdomo wake mkali na moyo wake mwepesi. Yeye ndiye aliyekuwa anaona mambo ambayo sisi wa relini hatukuyaona. Siku moja alinifuata, akakaa, hakutaka hata chai.

"Dada, mume wangu anaamka usiku mguu umekufa ganzi," akaniambia. "Anaupiga ngumi ili uamke. Asubuhi namfunga kanga kiunoni ndani ya shati, namkaza mpaka anakohoa, ndipo aweze kutoka mlangoni. Namkanda kwa mawese ya moto na chumvi mpaka mikono inaniuma. Dada, kaongee naye wewe. Mimi sitaki mawili. Abebe moja, akichoka atue. Nataka mtu atakayeweza kusimama, basi."

Nilimhurumia. Nikaongea naye kesho yake, waziwazi, mbele ya chai yake.

"Urbanus, mguu ukifa ganzi mgongo unakuomba kitu. Tua mzigo, baba. Watacheka siku moja, watanyamaza."

"Hawatanyamaza, Mama Kudra. Ignas mpaka leo wanamwimba."

"Ignas anakula samaki Ilagala!"

"Lakini wanamwimba," akasema. Hapo nikaona huyu mtu ameshapotea, maana anaogopa wimbo kuliko anavyoogopa kilema.

Sasa nisiwaseme makuli peke yao, dhambi igawanywe sawasawa. Tulikuwa na msimamizi wa ghala, Bwana Leodgar, kaletwa kutoka mikoa ya huko kaskazini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Huyu ndiye aliyeletewa na shirika lake la misaada vitoroli vya magurudumu mawili, vizuri kabisa, vya rangi ya bluu, unaegemeza magunia, unasukuma. Na picha kubwa za kubandika ukutani: mtu ameinama vibaya, ana alama nyekundu mgongoni, na mwingine amechuchumaa vizuri, amekunja magoti, mgongo umenyooka, mzigo uko karibu na kifua, anatabasamu. Na chini yake: mzigo mzito, bebeni wawili.

Akawaita makuli wote ghalani kuwafundisha. Nilikwenda na birika langu kuuza, nikaona kwa macho yangu. Bwana Leodgar alichuchumaa, akashika boksi, akainuka nalo. "Nguvu itoke miguuni," akasema, "siyo mgongoni." Maneno ya kweli kabisa. Ila boksi lilikuwa tupu! Lilikuwa boksi la biskuti, na lilipoinuliwa likatoa sauti ya makaratasi. Makuli wakaangua kicheko mpaka wakashikana. Mwinshehe akamwambia, "Bosi, hilo hata mtoto wangu wa kunyonya anabeba, njoo ubebe hili," akamwonyesha gunia. Bwana Leodgar akatazama saa yake, akasema muda umekwisha.

Na vile vitoroli? Aka, vilifungiwa. Sababu ya kwanza, makuli walisema kusukuma ni kazi ya watoto wa sokoni. Sababu ya pili, Bwana Leodgar mwenyewe aliogopa vitachakaa. Vilikuwa vinatolewa siku wageni wa shirika wakija, vinafutwa vumbi, Urbanus anaambiwa ashike kimoja, anapigwa picha akitabasamu. Wageni wakiondoka, vitoroli vinarudishwa ndani, kufuli linawekwa, na Urbanus anarudi kwenye magunia yake mawili. Nilimuuliza Bwana Leodgar, kwani hivi mmenunua vya kubebea mzigo au vya kupigia picha? Akaniambia mama, uza chai.

Basi ikaja ile siku. Mvua ilikuwa imekata reli huko Uvinza, treni ikachelewa, na ilipofika malori yalikuwa yamejipanga mpaka nje ya geti, na habari zimeenea kwamba makambini watu hawajagawiwa chakula. Yule bwana wa kukunja magoti sasa akawa anakimbia huku na huku, shati limetoka nje, anapiga kelele, "Haraka! Haraka! Mbona mnatembea kama maharusi?" Naye kumbe lugha alishaijua. Wala hakuna aliyekumbuka funguo za vitoroli.

Urbanus alikuwa amebeba tangu asubuhi. Mchana hakuja kunywa chai, nikajua kuna jambo, maana alikuwa anaogopa akikaa hatainuka. Nilisimama na birika langu pale karibu na lori nikimwangalia. Akatoka behewani na mawili shingoni, akakanyaga ubao ulioloa, akatembea, halafu katikati akasimama.

Alisimama tu. Mguu wake wa kushoto ukaanza kutetemeka. Nikaona Mwinshehe ananyoosha mkono kwenye msumari kuchukua kanga, uso umeng'aa kama mtu aliyesikia harufu ya pilau.

Nikapiga kelele. "Urbanus! Tupa! Tupa hayo magunia, baba!"

Alikuwa hana haja hata ya kuinama. Angeegemea upande mmoja tu, yangeanguka yenyewe, mahindi yangemwagika, tungeyaokota. Aliniangalia kwa chini ya magunia, macho mekundu. Kisha akaiangalia ile kanga mkononi mwa Mwinshehe. Akaenda mbele. Akavuta ule mguu kama si wake, akafika kwenye lori, wakampokea magunia.

Makofi hayo! Miluzi! "Magunia Mawili! Magunia Mawili!" Na yeye bado ameinama. Mikono kwenye magoti, kichwa chini, tukadhani anavuta pumzi. Hakunyooka. Akashuka polepole mpaka akalala ubavu kwenye matope, na mkojo ukamtoka bila yeye mwenyewe kujua. Nilimfunika kwa kitenge changu. Makofi yakaisha hapo.

Akili ya mtu yeyote ingesema hospitali. Wapi! Mwinshehe akatoa hukumu yake kwamba ni msuli tu umejikunja, akakandwe. Bwana Leodgar akasema lori haliwezi kuacha foleni, lakini moja likirudi litampitisha kwao. Wakamrusha juu, nasema wakamrusha, mmoja kashika kwapa, mwingine miguu, akapelekwa nyumbani kwake Gungu kama mzigo mwingine wowote. Huko akaitwa mkandaji, mzee wa magoti makubwa, akampandia mgongoni kabisa. Walimkanda siku kadhaa, mpaka Joanitha alipomchoma mumewe pini kwenye unyayo na mwenyewe akawa anaendelea kunywa uji, hana habari.

Nasema mapema ili mtu asikae akingoja muujiza: Urbanus hajasimama tena bila kushikwa. Daktari alisema angeletwa siku ileile labda, na hilo "labda" Joanitha analo mpaka leo, analitafuna. Kama unataka kunikasirisha, njoo uniambie ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni mtu kupigwa na radi. Huyu alivunjwa na watu kwa wimbo, na wengine kwa kufuli.

Asubuhi ile Joanitha alipogundua, akaniita, nikawafuata makuli nikawatukana wote kwa mpigo, wakaja. Nyumba ya Urbanus ilikuwa bondeni, mvua zilishachimba korongo njiani, gari haliwezi kushuka. Ikabidi abebwe kwenye kitanda cha kamba mpaka barabara ya lami, ambako kulikuwa na pikapu inangoja. Wakaja wanne, na Mwinshehe wa tano, kusimamia kama kawaida yake. Mmoja alipoona kitanda akasita, Mwinshehe kwa aibu ya kuangaliwa na Joanitha akashika pembe moja mwenyewe.

Sasa nisikilize hapa. Wale watu walichuchumaa. Wote. Wakakunja magoti, migongo imenyooka, kila mmoja ameshika pembe yake karibu na kifua. Mmoja akahesabu, moja, mbili, tatu, wakainuka pamoja, taratibu, kitanda hakikutikisika hata kidogo. Waliitana njiani: jiwe hapo, utelezi hapo, ngoja nibadilishe mkono. Yule asiye na pembe alitembea pembeni tayari kumpokea aliyechoka. Nilisimama nimeduwaa. Kumbe wanajua! Kumbe siku zote walikuwa wanajua jinsi ya kubeba kitu bila kuumia, na wala haikuwashusha uanaume wowote. Na Urbanus, alivyokwisha siku zile, alikuwa mwepesi kuliko yale magunia aliyokuwa anabeba peke yake.

Tulipofika nusu ya mlima, penye duka la Benedict, watu wamekaa barazani wanatutazama, Mwinshehe akahema.

"Tueni kwanza, jamani," akasema. "Tutaumia migongo."

Wakaanza kuchuchumaa. Urbanus akafumbua macho, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Msinitue," akasema. "Msinitue hapa. Watu wanaona."

Joanitha alikuwa ametangulia na furushi la nguo za hospitali. Akageuka, akarudi mpaka kitandani. Nilijua mdomo wake, nikangoja aseme. Alimwangalia mumewe, akaangalia wale wanaume.

"Mtueni," akasema. "Mtueni chini, mpumzike vizuri. Hakuna haraka tena."

Wakamtua. Urbanus akajifunika uso kwa mkono. Hakuna aliyecheka barazani kwa Benedict, hakuna aliyeimba, mtu mmoja hata alitoka na kigoda akawapa wakae kwa zamu. Mwinshehe alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, mikono kiunoni, anajinyoosha huku na huku, ananiomba maji ya kunywa. Nilikuwa nayo kwenye chupa. Nikapiga magoti kwenye matope, nikamnywesha Urbanus yote.